Nilivyopima Watu Busia na Malaba

Siku yangu ya kwanza kazini nilivuliwa nguo zote kabla hata sijapewa kazi yenyewe. Nasema hivyo mapema ili kijana anayesoma hapa asidhani nilianza nikiwa mkubwa. Nyumba yangu ya mawe pale Burumba, ile yenye mabati ya kijani na mashine ya kusaga ubavuni, haikuanguka kutoka mbinguni. Nilisoma mpaka darasa la tatu, nikaacha, nikaenda kubebea fundi mawe. Kutoka kwenye mawe nikafika kushika fimbo ya kimo, na mpaka wote huu, kutoka ziwani mpaka Malaba, hakutokea mtu wa kuishika kunishinda.

Ilikuwa mwanzo wa miaka ya sitini, Mzungu akiwa bado yuko. Kambi yetu ilikuwa kando ya barabara ya Alupe: mahema manne, kibanda cha mabati na uwanja uliofyekwa mpaka udongo mwekundu ukaonekana. Kazi ya kambi ilikuwa kupima wanaume na kuwagawa. Hawa waende jeshini, hawa waende mashamba ya chai na reli, hawa warudi makwao. Mimi nilikwenda kuomba jeshi. Nikasimama uchi kwenye foleni, mikono mbele, kama wenzangu. Wanaume wazima, wenye wake na ng'ombe, walikuwa wakitetemeka jua likiwaka.

Sajini akanizungushia utepe kifuani, akanifungua mdomo kama mtu anayenunua punda. Mkubwa wa kambi, Mzungu tuliyemwita Bwana Kapteni, alikaa kwenye kiti cha turubai. Utepe hakuutazama. Aliuliza neno moja tu: "Kabila?"

Nikataja. Sajini akailamba penseli ya zambarau, ile ambayo ikipata mate inageuka wino, akaniandika kifuani tarakimu kubwa: 3.

"Namba Tatu," akasema. "Jeshi hapana. Watu wako ni wa jembe na sufuria."

"Lakini Afande, kifua umekipima mwenyewe, kimepita."

"Kifua imepita. Kabila haijapita. Toka hapo."

Ningetoka kama si ile fimbo. Fimbo ya kimo ni mbao ndefu yenye mistari, ina kibao kinachoteleza juu yake, unakishusha mpaka kiguse utosi wa mtu. Siku hiyo aliyeishika alikuwa na homa na fimbo ilikuwa imelala upande. Mimi nilikuwa nimezoea timazi ya fundi, ule uzi wenye jiwe unaoonyesha ukuta umesimama au la. Jicho likaniwasha. Nikasema, "Bwana, hiyo fimbo imelala. Wote hawa mmewaongezea kimo."

Sajini akainua mkono anipige. Bwana Kapteni akamzuia, akaning'iniza saa yake kwa mkufu kando ya fimbo, akaona kweli. Akacheka. "Hata Namba Tatu iko na macho," akasema. "Wewe nashika fimbo kuanzia leo."

Nikaajiriwa nikiwa uchi, na 3 kifuani. Zambarau ile haikutoka kwa sabuni. Wiki nzima nililala na shati, mke wangu Nabwire asiione.

Sasa kazi yenyewe. Kimo unaanza nacho. Mtu mjanja hujiinua kwa vidole vya miguu, kwa hiyo unapitisha karatasi chini ya kisigino, ikipita, umemkamata. Kifua unakipima mara mbili, akiwa amevuta pumzi na akiwa ameitoa. Nyayo unazipima kwa majivu yaliyoloweshwa: anakanyaga, anaacha alama, ukiona unyayo wote bapa kama wa bata unajua hatatembea mbali. Yote yanaandikwa kwenye kadi ya mwili, pamoja na jina, kijiji na kabila. Na juu kabisa, kona ya kulia, namba: moja, mbili au tatu.

Namba hiyo haikutoka kwenye fimbo wala utepe. Ilitoka kwenye orodha ya makabila iliyobandikwa ukutani. Namba Moja walizaliwa kwa vita. Namba Mbili walizaliwa kwa kazi nzito. Namba Tatu, ndio sisi. Makabila siyataji kwa majina, ila pale nitakapolazimika. Wajukuu wao bado wananunua mahindi Busia, na sitaki mtu asome hapa ajivune au ajikunyate.

Bwana Kapteni alikuwa na kitabu chenye picha za mafuvu ya watu, yamepangwa kwa safu kama mihogo sokoni, kutoka fuvu alilosema ni bora mpaka alilosema ni duni. Alipenda kunifundisha. "Wewe tazama ng'ombe," alisema. "Dume mbaya nakatwa. Dume mzuri naachwa. Mataifa ni hivyo hivyo. Mwenye nguvu nabaki, dhaifu nakwisha. Hii si ubaya, hii ni sheria ya dunia. Vita nasafisha tu."

Niliogopa neno hilo, "nasafisha", lakini nililimeza. Mtu aliyekupa kazi, maneno yake hukaa tumboni kama chakula. Baada ya mwaka mmoja niliyasema mimi mwenyewe kwa watu wa foleni, na sauti nikaiiga.

Aliyenicheka alikuwa mpishi wa kambi, Mzee Rajabu, Mwislamu wa mjini Busia aliyekwenda Burma kwenye vita vya Mzungu akarudi na jicho moja.

"Bwana Fimbo," aliniita, "leo umekataa wangapi?"

"Si mimi, Mzee. Ni maumbile."

"Ahaa. Na maumbile siku hizi yana ofisi, yana penseli?" Akakoroga chungu. "Sikiliza. Yule Mjerumani naye alikuwa na kitabu kama hicho. Akasoma, akajiona yeye ndiye fahali wa dunia. Huyu wa hapa naye amesoma, anajiona ni yeye. Na Mjapani naye hivyo hivyo. Fahali watatu katika zizi moja! Basi sisi tukapakiwa kwenye meli twende tukafe mpaka ijulikane fahali ni nani."

"Lakini kule Namba Moja hawakupigana vizuri kuliko wengine?"

"Niliwaona wakilia mama kama mimi. Risasi haikusoma kadi." Kisha akaacha kucheka. "Kijana, wewe unafurahi kuandika wengine namba. Mtu akishaandikwa namba, kuna siku itasomwa na asiyempenda."

Nilidhani ana wivu.

Maana wakati huo nilikuwa na sifa. Nilijitangaza kwamba ninajua kabila la mtu kwa mguu. Akitokea tu mlangoni, kwa jinsi anavyokanyaga, kwa goti, kwa kisigino, namtaja. Bwana Kapteni akileta wageni wake huniita: "Fimbo! Huyu ni nani?" Ninatazama mguu, natamka, wageni wanapiga makofi. Sijui mara ngapi nilikosea. Aliyekosewa alikuwa uchi mbele ya Wazungu, na mtu wa hivyo habishani. Mwishowe nikaacha kabisa kuuliza. Nilijaza kabila kwenye kadi kwa kutazama tu. Niliona ni ufundi. Wenzangu walipima kutwa, mimi saa sita nimemaliza foleni.

Na kuna kadi moja niliyoandika uongo nikijua ni uongo. Ndugu ya mke wangu, Ojiambo, Msamia wa Funyula, alikuwa mrefu kama mlingoti. Alitaka jeshi, na kabila lake lilikuwa Namba Tatu kama langu. Nabwire akanikalia shingoni. Basi nikamwandika kabila la Namba Moja, moja la ng'ambo ya mpaka, nikampa na jina la kwao. Bwana Kapteni akatazama kimo kile, akasema, "Unaona? Damu haifichiki!" Nilicheka kimoyomoyo wiki nzima. Jioni nilimwambia Ojiambo, "Shemeji, nimekuzaa upya kwa penseli." Akatumika miaka mitatu, akarudi na cheti cha jeshi, jina lile lile la uongo, akapata kazi ya kulinda ghala la pamba Tororo. Kila mwisho wa wiki alivuka Malaba kurudi kwao.

Uhuru ukaja. Bwana Kapteni akafunga kitabu chake cha mafuvu kwenye sanduku, akaondoka. Tukapata Mkuu wa Kambi mweusi mwenzetu, tukashangilia. Asubuhi ya kwanza alisimama mbele ya ile orodha ukutani, mikono nyuma. Nikafikiri ataichana. Akaomba kalamu. Akakata kabila lake pale lilipokuwa, akaliandika Namba Moja.

"Sasa iko sawa," akasema. "Tuendelee."

Sokoni nako, wanasiasa walipanda juu ya meza wakasema watu wao ni simba na wale wengine ni swara, na kazi ya swara inajulikana. Watu walipiga vigelegele. Mimi maneno hayo niliyajua yalikotoka. Nikatafuta kando ya umati nikamwona Mzee Rajabu, amefunga lile jicho moja lililobaki.

Baadaye nikahamishiwa Malaba, pamoja na Mkuu wa Kambi na masanduku ya kadi zangu. Kazi ilikuwa kupima vibarua wanaovuka na kuwachanja. Siku hizo mpaka ulikuwa kamba na askari anayesinzia. Nilikuwa mkubwa wa meza yangu. Wachuuzi wa Kiteso waliniletea kuku, madereva waliniita boss. Sitadanganya: nilinenepa.

Kisha, mwanzo wa miaka ya sabini, ng'ambo kukachafuka. Sisi tulisikia tu. Milio mbali kama mtu anayepiga debe, halafu watu: wanawake na magodoro kichwani, wanaume bila viatu, wengine wamevaa suruali ya jeshi na shati la kanisani. Kila aliyevuka alitazama nyuma. Hofu inaambukiza kuliko ndui. Nilianza kufunga mlango wa ofisi mchana.

Asubuhi moja Mkuu wa Kambi akaniita. Kwenye meza yake alikaa mgeni kutoka ng'ambo, amevaa kiraia, viatu vya jeshi. Hakusema ni wa idara gani. Alikuwa na karanga kwenye mfuko wa shati, akizivunja moja moja na kuweka maganda kwenye kitabu chetu cha wageni.

"Wewe ndiyo ile mtu najua kabila kwa mguu?" aliuliza kwa sauti ya upole.

Mungu anisamehe, nilijivuna. "Ni mimi, Afande. Hakuna mwingine."

"Vizuri sana. Mimi natafuta wanaume ya kabila moja." Akalitaja. Lilikuwa la Namba Moja. "Hawa Mzungu alisema walizaliwa kwa vita. Eh? Basi, mtu alizaliwa kwa vita, ukimwacha, atakuletea vita. Wewe simama hapo kwa foleni. Onyesha tu kwa kidole. Na kadi zako nitasoma."

Hapo ndipo nilipoelewa maneno ya mpishi. Namba iliyowapa watu wale kazi ndiyo ilikuwa inawafanya wawindwe. Nilitaka kusema sijisikii vizuri. Nikamtazama Mkuu wa Kambi. Alikuwa anatazama dari. Nikaenda kusimama.

Siku hiyo nilionyesha watu wawili. Sikutaka, lakini yule mgeni alikuwa ananitazama, na nilihofia nisipoonyesha mtu atasema namficha. Wa kwanza alibeba kuku wawili miguu juu. Alimwachia mwanamke aliyekuwa nyuma yake wale kuku, akaenda. Wa pili alikuwa na baiskeli nyeusi yenye kengele ya shaba. Nilitazama goti lake, nikanyoosha kidole.

"Mimi?" akasema. "Bwana, mimi ni fundi wa baiskeli. Mama yangu ni mgonjwa, yuko hospitali Nangina, nampelekea dawa hii. Waulize Nangina!"

"Wote wanasema mama ni mgonjwa," akasema mgeni, akavunja karanga.

Wakavushwa darajani na vijana waliokuja na mgeni. Baiskeli ikabaki imeegemea ukuta wa ofisi yangu.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, nikamwona Ojiambo kwenye foleni. Kichwa chake kilikuwa juu ya vichwa vyote. Akatabasamu, akatoa cheti chake cha jeshi mfukoni na kukiinua kama mtu anayeonyesha tikiti. Alidhani kitamfungulia njia.

Mgeni akakipokea, akakisoma, akapekua sanduku la kadi, akatoa moja. Mwandiko ulikuwa wangu, na kabila ndilo lile alilokuwa analitafuta.

"Hii ni yako?"

"Ndiyo, Afande. Nilitumika miaka mitatu, bila kosa." Akanipungia. "Shemeji! Nabwire hajambo?"

Mgeni akageuza shingo polepole. "Nakuita shemeji?"

Vijana, nimewaambia mengi ya kujisifu. Hili nalo lisomeni. Nilisema, "Watu wa hapa wanaitana tu hivyo, Afande."

Uso wa Ojiambo ukabadilika. Vijana wa mgeni wakamfungua mkanda wake mwenyewe wakamfunga nao mikono. Hakupiga kelele. Alisema kwa Kisamia, kwa sauti ya kawaida, kama tuko nyumbani tunakula, "Wandera, waambie mimi ni nani."

Nikajisikia nikisema, "Afande, hiyo kadi ni ya uongo."

"Nani nasema?"

"Mimi niliyeiandika. Huyu ni Msamia wa Funyula, ni ndugu ya mke wangu. Nilimpa kabila hilo apate jeshi."

Mkuu wa Kambi akashusha macho kutoka darini. Mgeni akaacha kutafuna. "Na kadi ingine?"

"Nyingi niliandika bila kuuliza."

"Na ile wawili ya juzi?"

"Wale pia sikuwauliza."

"Uliniambia wewe najua kwa mguu."

"Sijui kitu, Afande." Foleni nzima ilikuwa inasikiliza, na wenye kuniletea kuku, na madereva. "Sijawahi kujua. Nilikuwa nabahatisha, nikapigiwa makofi."

Mwanamke mmoja mchuuzi wa samaki akamsemesha Ojiambo kwa Kisamia, akamjibu, wakatajiana ukoo. Wengine nao wakaanza kupaza sauti. Mkuu wa Kambi akaona fujo inakuja, akamnong'oneza mgeni. Mgeni akaitupa kadi kwenye maganda ya karanga.

"Chukua shemeji yako," akasema. "Kadi yako pia nimesoma. Mzungu alikuandika Namba Tatu? Hapo alipata."

Alipokuwa anaondoka nilimfuata, sijui nilipata wapi nguvu. "Afande, wale wawili watarudi lini?"

Akanitazama kama mtu asiyenijua. "Wawili gani?"

Wiki ile ile nikarudishwa Busia, nikawa wa kufagia stoo. Zile kadi nazo zikaletwa, zikatupwa humo humo stoo, nikazifagia mimi. Mchwa walizila, Namba Moja na Namba Tatu pamoja. Kutoka kwenye ufagio nikapanda tena mpaka karani wa stoo, na kwa mkono wangu nikajenga, nikanunua mashine ya kusaga, nikasomesha watoto sita. Ojiambo yuko hai. Kila Krismasi huniletea samaki mbuta mkubwa kutoka ziwani, hula kwangu, hucheka. Wale wawili hajawahi kunitajia.

Lakini ile baiskeli. Miezi miwili ilikaa kwenye ukuta wa Malaba na hakuna mtu aliyeiiba, pale ambapo watu wanaiba hata kifuniko cha sufuria. Mwishowe nikaomba ruhusa, nikarudi Malaba, nikaipanda mpaka Nangina. Njiani sikugusa kengele. Hospitalini nikauliza juu ya mama mgonjwa ambaye mwanawe ni fundi wa baiskeli. Wakaniambia amepona, yuko kwake, si mbali. Nikamkuta anaanika mtama. Aliiona baiskeli kabla hajaniona mimi.

"Mwenyewe yuko wapi?" aliuliza.

Aliuliza kwa lugha yangu. Si Kiswahili, si Kisamia: lugha ya mama yangu mzazi, na lafudhi ya vilima vyetu. Akanitajia ukoo wake. Ulikuwa ukoo wa nyanya yangu. Jicho langu, lililojua watu wote kwa mguu, lilikuwa limemtazama mtu wa kwetu na kumwona adui wa mtu mwingine.

Nilimwambia nimeiokota darajani na nimeambiwa ni ya hapa. Akanipikia. Akanibariki kwa uaminifu wangu. Nilikula, nikanawa, nikaaga.

Siku ya kustaafu wenzangu walinunua soda, kijana mmoja mpya akaniomba niwaonyeshe ule mchezo wa zamani wa mguu. "Mzee, huyu wa mlangoni ni kabila gani?" Nilimjibu, "Kamuulize. Ana mdomo." Wakacheka, wakadhani nimezeeka. Sijazeeka, mvi zangu zahesabika. Na kazi nimeiacha, lakini jicho halijaacha. Mtu akipita mashineni kwangu, kabla sijamsalimu, tayari jicho limeshasema namba. Hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo, kuliko yule wa karanga.

Yule mama amefariki mwaka jana. Akiwa hai nisingeandika haya. Aliacha wajukuu, nasikia mmoja ni mwalimu, na mwalimu husoma. Basi asome: baba yako mdogo, yule fundi wa baiskeli, hakupotea njia. Alionyeshwa kwa kidole pale Malaba, mchana, na kidole kilikuwa changu, Wandera. Nyumba yangu iko Burumba, ya mawe, mabati ya kijani, mashine ya kusaga ubavuni. Huwezi kuikosa.